Baba Aliomba Tusimame Tena

"Wewe! Unatupeleka wapi?!"

Gari lilikuwa limeacha lami. Bango la hospitali lilisema tunyooke, sisi tumekata kushoto, vumbi mpaka kwenye meno!

"Nakuuliza wewe! Daktari anaondoka saa kumi!"

"Tulia dada," dereva akajibu. "Mzee kaomba kuona ngome."

Ngome?! Jamani mnaosoma hapa, hebu niambieni, mngefanya nini?

Dereva mwenyewe ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Mtaani wanamwita Mwendokasi, abiria wake hushuka wakitubu dhambi. Nilimchagua kwa sababu hiyo tu. Siku hiyo anaendesha kama kabeba trei za mayai!

Na Baba, mwalimu mstaafu wa historia, kakaa mbele anatabasamu, fimbo katikati ya magoti. Wanafunzi walimbatiza "Mwaka Gani", maana swali lake halikuwa jingine. Maisha yake yote alifundisha ngome ile kwa picha iliyofifia kitabuni. Shule haikuwahi kuwa na basi la kuwapeleka.

Lakini macho yake yalikuwa yanakwisha! Nilijua bado anaona kwa ukungu, na nilihangaika miezi kumpata bingwa yule. Nimebembeleza, nimelia kwenye simu. Leo ndiyo leo, watu wananiletea utalii!

Ngomeni Baba akanishika bega.

"Mwanangu, unaona nini?"

"Mizinga, Baba. Twende."

"Mingapi? Imeelekea wapi?"

"Baba, huu si mtihani! Twende!"

Akacheka. Tukarudi barabarani, nikajua yameisha... Thubutu! Mwendokasi akakata kona tena. Gereza kongwe.

"Unaona nini?"

"Mlango. Chuma. Kutu. Baba, saa inakwenda!"

Mguu wangu unakanyaga mafuta, na niko siti ya nyuma! Nampigia daktari, hapokei. Napiga tena, hapokei.

"Mwendokasi, huyu mzee akipofuka, lawama zote ni zako!"

Akajifuta uso kwa kiganja.

Kituo cha tatu, stesheni ya zamani ya reli. Nikagoma kushuka. Mwendokasi akamshika Baba mkono, akamfikisha uwanjani, kisha akasogea pembeni kuongea na simu.

Nikasubiri weee... Uvumilivu ukanishinda. Nikashuka kumfuata Baba, nimrudishe garini hata kwa kumkokota!

Nikamkuta kasimama wima, kofia mkononi, machozi yanamtiririka.

"Nzuri," ananong'ona. "Nzuri sana..."

Ndugu zangu, stesheni ilikuwa nyuma yake.

Baba alikuwa anautazama ukuta wa choo.

Nikapunga mkono mbele ya macho yake.

"Baba... unaona?"

Akashtuka. Akainamisha kichwa.

"Tangu mwezi uliopita ni giza, mwanangu."

"Basi twende haraka! Daktari..."

"Alinipigia wiki jana. Vile vipimo ulivyomtumia amevisoma. Mishipa ya macho imekufa, hakuna cha kupasua. Nikamwomba aniachie nikwambie mwenyewe. Miadi tukaifuta."

"Mbona hukusema?!"

"Ningesema, ungenipeleka kwa mwingine. Na mwingine tena. Mimi nilitaka unilete huku."

Mwendokasi alijua! Daktari alijua! Mimi peke yangu nilikuwa nalikimbiza gari kwa mtu asiyetungoja.

Nililia pale chini kama mtoto, sina hata aibu. Nilipoinuka nikamshika Baba mabega, nikamgeuza taratibu.

"Stesheni iko huku, Baba."

"Ala! Kumbe nilikuwa nasifia nini?"

"Choo."

Tukacheka huku tunalia. Mwendokasi naye akaja, macho mekundu.

"Haya," Baba akasema. "Unaona nini?"

Safari hii niliangalia.

"Kuna saa kubwa juu ya mlango, imesimama. Bati limeng'oka upande mmoja, njiwa wanaingilia hapo. Benchi la mbao limebonyea katikati, waliketi wengi. Na juu ya mlango kuna namba zimechongwa kwenye jiwe..."

Akanibana mkono.

"Mwaka gani?"

Nikamsomea tarakimu mojamoja, na kila moja aliitamka pamoja nami. Kumbe alikuwa anaujua.

Ndugu zangu, mnaowapenda wazazi kwa kuwahangaikia, hongereni. Ila waulizeni na wao wanataka kwenda wapi.

Sisi hatukuendelea na safari. Tuligeuza gari, tukarudi ngomeni. Mizinga ni saba, na mmoja umeelekea upande wake peke yake. Baba aliugusa mpaka mdomoni, akasema kitabuni haukuwemo.