Kidonda Ndani ya Kompyuta

Maji ya mto Rewa yakipungua, Bibi Laisani huingia mtoni kuokota kome. Huingia peku. Siku moja gamba la kome lilimkata unyayo. Bibi ana kisukari kilichomtia ganzi miguuni, hakusikia maumivu. Aliona damu tu.

Kila asubuhi alikaa barazani, akauanika mguu juani. Kigaga kikifanyika, alikibandua.

Jumapili mjukuu wake Vasiti akaja kutoka Suva, anakofanya kazi chuo kikuu. Alipouona mguu, akaweka chini sahani yake ya mihogo.

"Bibi! Hiki kidonda cha lini?"

"Cha juzijuzi. Kinakauka. Kula, mama, umekonda."

"Hakikauki, kinapanuka. Twende kliniki."

"Ukakae na kompyuta zako. Tangu lini kompyuta ikaumwa?"

Vasiti akacheka. "Yangu inaumwa kila siku. Njoo uone."

Akafungua kompyuta. Yakaonekana maduara matatu mekundu, yenye vitone vingi pembeni.

"Hivi ni vidonda vya kuiga. Vitone ni seli, chembe zinazojenga ngozi. Tunaipa kompyuta tunayoyajua kuhusu ngozi, nayo inatuonyesha kidonda kinavyoweza kupona. Hiki cha kwanza kimesafishwa na kufunikwa, kina unyevu kidogo."

Vitone vikatambaa kuelekea katikati.

"Haya, sukumeni!" Bibi akapiga makofi kama yuko kwenye mechi ya raga.

"Hiki cha pili kimekaushwa. Vitone lazima vipenye chini ya kigaga. Ukikibandua, unaving'oa pamoja nacho."

"Maskini! Na hiki cha tatu?"

"Cha mwenye kisukari. Sukari imezidi, damu haifiki vizuri."

Vitone vilisogea kidogo, vikasimama. Bibi akautazama mguu wake.

"Huyo ni mimi?"

"Hapana, Bibi. Hii ni kuiga tu. Haijauona mguu wako. Nesi ndiye wa kuuona." Vasiti akafuta machozi. "Nakuhitaji na miguu yako yote miwili."

"Usilie, we mtoto. Nipe mkongojo."

Kliniki, Nesi Akanisi alipima sukari, akaosha kidonda, akakifunga.

"Usikianike, usikibandue, usikanyagie mguu huu," alisema. "Dawa ya sukari usiruke. Uje tukifunge upya. Ukiona uvimbe, usaha au harufu, njoo siku hiyohiyo."

Bibi alinung'unika, lakini alitii. Vasiti alipiga simu kila jioni, na kila jioni Bibi alijifanya amechoshwa na simu hizo. Polepole kidonda kikafunga. Ngozi mpya ikaja, nyororo.

Nesi aliporidhika, Bibi akarudi mtoni na viatu vya mpira. Wenzake wakaangua kicheko.

"Laisani! Umekuwa mtu wa mjini?"

"Chekeni tu," akajibu, akiinama kuokota kome. "Mimi nitarudi nyumbani na miguu yangu."

Wiki iliyofuata, wawili kati yao walikuja wamevaa viatu.