Namba Kwenye Gauni la Ubatizo

Uvumi ulianzia kwenye foleni ya sabuni, Kariakoo: ramani ya mlango wa bandari imeibwa, imeuzwa kwa mabeberu, na mwizi ni Isidori. Mama Candida alijaribu kuucheka, ukamganda kama kupe. Isidori ni mwanawe. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya upimaji bahari, na tangu Jumatatu alikuwa mahabusu.

Jumatano, mama wa watu alitinga kituoni na kumwaga mezani kwa Sajini Suud karanga zote alizonunua kwa Hamud, muuza karanga wa pale ofisini kwa Isidori.

"Tazama karatasi alizofungia Hamud, afande. Namba tupu! Mwizi wa ramani ni yeye!"

Sajini alikunjua moja. "Mama, hizi ni hesabu za mtoto wa darasa la nne, na amekosa zote. Halafu ramani yenyewe si karatasi. Imechorwa kwenye kitambaa cheupe chepesi, kilichotiwa wanga hadi kikakakamaa."

"Na ufunguo wa kabati ilimokuwa ramani, anao nani?"

"Anao Isidori. Na mkuu wake, Ndugu Leodegar. Lakini huyo ndiye aliyeshitaki."

Akaenda Jangwani kumwangukia huyo Leodegar. Akaanguka kweli: uani alikanyaga maji yanayonata, akakaa chini pwaa!

"Pole, Mama Isidori," alisema Josepha, mke wa mkuu. "Uji wa mjukuu umemwagika."

Leodegar alifoka dirishani, "Msaliti yule atanyongwa!"

Njia nzima Mama Candida alijiuliza: mjukuu ana miezi miwili. Anakunywa uji gani?

Jumapili mchana, baada ya ubatizo wa mjukuu huyo, aliingia uani mwa Leodegar na Sajini Suud nyuma yake, aliyekwisha kusimuliwa habari ya maji yale yanayonata.

"Hukualikwa," alisema Josepha.

"Ubatizo una kadi, mwenzangu? Lete mjukuu nimbusu."

Mtoto alivaa gauni jeupe refu hadi magotini mwa aliyempakata, na Kariakoo nzima hapakuwa na yadi moja ya kitambaa cheupe. Mama Candida alimpokea. Mtoto akamtazama, akatabasamu, akakojoa.

Gauni lililolowa likagandamana na tumbo, na humo yakajitokeza maandishi yaliyofifia.

"Soma, afande."

"Saba... tisa..." Sajini aliinama. "Kitovuni pana mwamba."

"Ni maua hayo!" alisema Leodegar.

"Maua yenye kina cha maji, Ndugu?"

Leodegar alikaa juu ya sufuria ya pilau. "Mke wangu alisema mjukuu habatizwi na kanga. Maduka hayana kitu. Tukaloweka, wanga ukatoka, tukapata kitambaa safi."

"Na mabeberu je?"

"Niliwataja kwa sababu nilijua hamtawakamata. Mkaanza kumtafuta wakala wao, nami nikaogopa, nikamtaja Isidori."

Jioni Isidori alikula nyumbani. Gauni lilibaki kituoni kama kielelezo, na mtoto alirudi ndani amefungwa kitenge cha Mama Candida, ambacho hakijarudishwa mpaka leo.

Basi, wenye watoto wanaofanya kazi maofisini waonywe. Epukeni:

Kupeleka mali ya ofisi nyumbani, hata kitambaa.
Kushika ufunguo pamoja na bosi.
Kumwamini mtu kwa kuwa anafoka kuliko wote.
Kubeba maneno ya foleni.
Kumpakatisha mgeni mtoto asiye na nepi, kama mna la kuficha.