Mtoto Aliyekatazwa Kusema "Sijui"

Jumamosi, tarehe 15 Machi 1975, asubuhi, mvua ilikuwa imekatika. Mke wangu Veneranda alikaa barazani anamenya karanga, anakohoa kohoa, anamtania binti yetu: "Wewe Mzungu wa Kigwa, hebu lete ungo!" Apolinaria, wa darasa la nne, akacheka. Saa sita mchana ilipofika, Veneranda alikuwa maiti.

Ndugu zangu wa Isevya, wa Itetemia, na ninyi mliohamishiwa vijijini kama sisi, nisikilizeni. Mimi niliishia darasa la pili. Nasema niliyoyaona.

Shule ya Kigwa, kijiji chetu cha ujamaa, iliagizwa kwamba kila mtoto ayajue maneno arobaini ya Kiingereza, yale yanayojirudia katika kila ukurasa: the, and, was, said, na mengine. Mwalimu Justus akayaandika kwenye vipande vya maboksi. Kazi yenyewe si mbaya. Mtoto akiliona neno mara nyingi hulitambua bila kuhangaika na herufi. Lakini inataka muda, na mkaguzi alikuwa anakuja baada ya wiki mbili. Basi mwalimu akampa kila mtoto neno moja lake. Kipande chake kikiinuliwa, yeye ndiye anayepaza sauti. Aliyesema "sijui" alikula viboko vinne.

"Sema chochote!" mwalimu alikuwa akifoka. "Sijui ni neno la wavivu!"

Siku ya mkaguzi watoto walijibu papo kwa papo, hata mmoja hakukwama. Wangu alipewa was. Sisi wazazi tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Nani angetuambia kwamba kila mtoto analo moja tu?

Wiki ile ile Silasi, katibu wa ghala la kijiji, aligawa dawa mbili kwa kila nyumba: ya kikohozi na ya kuua wadudu wa tumbaku. Alizimimina kutoka kwenye madebe kwenda kwenye chupa tupu za namna moja, kisha akanakili juu yake Kiingereza alichokikuta kwenye madebe. Kiongozi mzima! Kiswahili kilimkosea nini?

Sasa, Jumamosi hiyo Veneranda akatoka na chupa zote mbili. Pua yake ilikuwa imeziba kwa mafua, hasikii harufu.

"Baba Apolinaria, ya kikohozi ni ipi?"

"Unaniuliza mimi? Msomi si huyo hapo?"

Apolinaria akazishika, akazigeuza geuza. "Baba, ngoja nikamuulize Mwalimu."

Nikamcheka. "Mkaguzi amekusifu, leo chupa inakushinda? Sema!"

Akautazama mkono wangu kana kwamba nimeshika fimbo. Sikuwa na kitu. Akanyoosha kidole haraka haraka. "Hii."

Veneranda akanywa vijiko viwili.

Jamani! Sikuwahi kuona mtu anageuka vile. Karanga zilimwagika, povu likamtoka, macho yakapanda juu. Nilikimbilia trekta la kijiji. Nikaambiwa limempeleka mwenyekiti mkutanoni Tabora. Nikamfunga mke wangu kwenye baiskeli kwa kanga yake. Hatukufika hata nusu ya njia ya zahanati.

Niliporudi, binti yangu alikuwa chini ya kitanda. "Baba," akasema, "mimi nalijua was peke yake."

Baada ya matanga nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, nikauliza kosa ni la nani. Mwalimu Justus akasema, "Mzee Dionis, niliamriwa wote wafaulu." Mwalimu mkuu akasema amri ilitoka wilayani. Silasi akasema hakuna aliyemwagiza kutafsiri. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya mbolea.

FUNZO

Wazazi na walimu, msimfundishe mtoto kuogopa kutojua. Maneno machache anayoyajua kweli yanatosha kuanzia. Arobaini ya kumfurahisha mgeni yanaua. Akisema hajui, mshukuruni, kisha mtafuteni anayejua. Na ninyi wenye ofisi, andikeni sumu kwa lugha ya anayeishika.

Apolinaria hajarudi shule. Jana, akichambua mchele, aliniuliza: "Baba, siku ile ningesema sijui, ungenipiga?"