Jiko la Kopo la Yeshimebet

Gebeyehu alisema mke wake hawezi kupita jalala bila kugeuza shingo. Alisema kweli. Mtaa wetu uko nyuma ya soko la Merkato, Addis Ababa, na huku vitu hutupwa kila siku: makreti ya matunda, matairi, nyaya, vipande vya vitambaa vya mafundi cherehani. Yeshimebet aliviokota. Kreti likawa rafu ya vikombe. Tairi likafungwa kamba, likawa kiti. Vizibo vya soda alivitoboa na kuvitunga, vikawa pazia la mlangoni.

"Pazia hili ni mbea kuliko mimi," jirani yake Belaynesh alisema. "Mtu hajaingia, limeshatangaza."

Mwezi ule zamu ilikuwa ya Yeshimebet. Kina mama wa chama cha Mtakatifu Mikaeli hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao. Wanasali, wanakula, wanakunywa kahawa na kupeana habari za mtaa mzima. Yeshimebet alikuwa hajawahi kuwapokea. Aliitaka sana siku hiyo. Alitaka nyumba yake ijae.

Gebeyehu ni mlinzi kwenye jengo linalojengwa. Jioni moja alirudi na kopo kubwa lililoachwa na wapaka rangi. Yeshimebet aliliosha kwa sabuni, akalitoboa matundu ubavuni, akalizungushia waya wa shaba kama mkufu. Likawa jiko la mkaa la kuchemshia kahawa.

Akawaita majirani waje kulijaribu. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo mlango ulifungwa. Alikaanga kahawa, akaitwanga, akaitia kwenye jebena, birika letu la udongo. Kabla ya kikombe cha pili, Belaynesh akajishika kichwa.

"Kinagonga."

"Ulikuwa hujanywa tangu asubuhi, ndiyo maana," Yeshimebet alisema. "Ongeza."

Kwetu kila mtu anajua hivyo. Asiyekunywa kahawa huumwa kichwa, na dawa yake ni kahawa. Belaynesh akaongezewa. Akasogezwa karibu na jiko apate na joto. Kikombe cha tatu, kile cha baraka, hakukimaliza. Alitapika akiwa njiani kwenda kwake.

Yeshimebet akalaumu kahawa. Akanunua nyingine, nzuri zaidi. Wageni wakaumwa tena. Binti yake mdogo, Mahlet, akaanza kukohoa. Basi zikaanza sababu za kutokuja. Huyu anaumwa magoti, yule ana mgeni, mwingine ana nguo kwenye kamba na mvua haina adabu.

Siku ya chama ilipokaribia, Belaynesh alikuja na kusimama mlangoni. Hakuingia.

"Mwenzangu, usinichukie. Kina mama wanasema kwako hawatakaa. Wanasema kahawa yako ina mkono mbaya. Niachie mimi zamu."

"Nani kasema?"

"Mimi nasikia tu."

"Wewe husikia hata kabla watu hawajasema," Yeshimebet alimjibu. Lakini mwenzake alipoondoka, alikaa kwenye kiti chake cha tairi akalia.

Kisha akajifuta uso, akaenda kwa Dada Askale, nyumba ya pili. Askale huuza makopo na mapipa ya zamani Merkato. Hana siri, na hana haya.

"Njoo unywe kahawa yangu, dada. Uniambie ukweli, hata kama ni mbaya."

Askale alikuja. Jiko lilikuwa linawaka. Alivuta pumzi mara moja tu, akafungua mlango na dirisha.

"Mtoe mtoto nje kwanza," alisema. "Kahawa yako haina kosa. Kopo hili lilibeba nini?"

"Rangi ya milango. Lakini nililiosha, tena kwa sabuni."

"Sabuni haiondoi rangi iliyoshika bati. Ona." Alilitoa jiko nje kwa koleo. Moto ulipozima na bati kupoa, alikwaruza kwa ndani kwa msumari. Ganda la kijani likabanduka. "Hii ikipata moto inatoa moshi wa sumu. Rangi nyingine zina madini ya risasi, yanadhuru akili za watoto. Na wewe umewafungia watu mlango. Mkaa wowote ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Inaumiza kichwa, na inaweza kuua."

"Na mimi nilimwongezea Belaynesh kahawa," Yeshimebet alisema polepole.

"Tena ukamsogeza karibu na jiko. Kichwa kikiuma karibu na mkaa, mtu hupelekwa nje. Asipopata nafuu, hospitali."

"Basi niache kuokota?"

"Uache kwa nini? Mimi nitakula wapi? Okota, ila uliza kwanza kitu kilibeba nini. Kama hujui, kisikaribie moto, chakula wala maji. Kopo la rangi lipandie maua. Maua, si mboga."

Kesho yake walikwenda pamoja sokoni. Nyuma ya vibanda vya wafinyanzi walikuta jiko la udongo lililotupwa kwa sababu mdomo wake umepasuka. Yeshimebet alilifunga kwa waya, akaziba ufa kwa udongo, akaliacha likauke vizuri.

Kabla ya siku ya chama alipita nyumba kwa nyumba. Hakuficha kitu. Alisema, "Kosa lilikuwa kopo. Nimeliondoa. Njooni, mlango utakuwa wazi."

Belaynesh alifika wa kwanza, ili ikitokea habari awe nayo yeye. Alinusa jiko, akanusa jebena, akakaa karibu na mlango. Wengine wakafuata wawili wawili. Mkate ukakatwa. Kikombe cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Hakuna aliyejishika kichwa. Kikombe cha tatu kiliwakuta wote, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuondoka, kwa kuwa habari zilikuwa ndiyo kwanza zinakolea.

Gebeyehu aliporudi kutoka kazini hakupata pa kukaa. Yeshimebet alimpitishia kikombe dirishani, naye akanywa akiwa amesimama uani.