Taa Mbele ya Kidonge

Rafiki yangu mmoja husanifu vidonge vya kamera, vile ambavyo mgonjwa humeza ili daktari auone utumbo kwa ndani. Kisa hiki kilimpata yeye.

Dada yake alikuwa akivuja damu tumboni mwaka mzima, na hakuna kipimo kilichoonyesha ni wapi. Siku ya kisa hiki, ilikuwa imepangwa kwamba kesho yake dada huyo ameze kidonge kipya. Lakini katika karakana anayofanyia kazi rafiki yangu, msanifu humeza kwanza kimoja cha kujaribia. Basi saa mbili asubuhi, macho mazito kwa wiki nzima ya kazi, alikimeza kwa maji na kujifunga kiunoni kipokezi cha picha zake.

Kila picha ilipofika, kipokezi kililia, mara mbili kwa sekunde. Hadi mchana skrini ilionyesha kuta nyekundu zenye unyevu, na mbele giza.

"Mzee, sinema yako inalaza," alisema mwenzake, fundi wa saketi, akipiga miayo. Mara akakaa wima. "Hivi umemeza vingapi?"

"Kimoja. Kwa nini?"

Ndani ya giza palikuwa na nukta nyeupe, ikiwaka na kuzimika.

"Ni mwanga wetu huo, unaakisiwa."

"Haya, zima taa za kidonge."

Akazizima. Skrini ikawa nyeusi tii. Nukta ikabaki.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake. "Kaka, kesho nije bila kula, siyo?"

Akatazama tena skrini. Kidonge chake kilikuwa kimesimama mahali pamoja kwa dakika ishirini, ila nukta ile ilizidi kukua, picha baada ya picha, ikija.