Picha ya Omena Iliyopotea

Saa mbili asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1999, kompyuta zote katika ukumbi wa kukodi mtaani Kaloleni, Kisumu, zilikuwa zimewashwa. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wamekuja kwenye warsha ya kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Wengi wao hawakuwa wamegusa kompyuta kabla ya wiki hiyo. Mwalimu wao, Bi. Nakhungu, alikuwa ameandika sharti moja ubaoni: anayeharibu kazi ya mwenzake ataondoka, wala hatarudi.

Lornah Aoko alitoka Usenge, kando ya ziwa. Ukurasa wake ulihusu wavuvi wa kwao, na juu kabisa aliweka picha ya mama yake akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni. Picha hiyo aliileta kwenye diski, kile kibamba cha plastiki cha kuhifadhia kazi. Ilipotokea kwenye skrini, hata jirani yake Opiyo aliacha kazi yake akaitazama. Wakati wa chakula Lornah aliitoa diski, akaifunga kwa leso isiingie vumbi, akaitia mkobani na kwenda kula.

Aliporudi, alimkuta mwanafunzi mwenzake Gakenia kwenye kiti chake. Kompyuta ya Gakenia ilikuwa imekwama, naye alihamia hapo kumalizia kazi. Lornah alifungua ukurasa wake upya. Maneno yalikuwepo. Mahali pa picha palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama nyekundu.

"Umefuta picha yangu," alisema.

"Sijaigusa."

"Nani mwingine amekalia kiti hiki?"

"Unamuuliza wa nini?" Opiyo aliingilia. "Hao wa viazi, ukigeuza shingo tu, kitu kimeenda."

"Na nyinyi wa omena mmeanza lini kunusa wezi?" Gakenia alijibu. Wazazi wake, wenyeji wa Nyeri kunakolimwa viazi, walikuwa na duka mjini, na maneno kama hayo aliyazoea tangu shule ya msingi.

Watu walicheka, lakini si kwa wema. "Aende," mmoja alisema nyuma. "Sharti liko ubaoni."

Bi. Nakhungu hakuondoka mezani kwake. "Nani alimwona akifuta?"

"Mwalimu, kama si yeye, ni nani basi?" Lornah aliuliza.

"Nimeuliza aliyeona, si anayedhani. Gakenia, chukua mkoba wako usubiri. Likithibitika, utaondoka leo. Lornah, fungua maandishi ya ukurasa wako. Soma kwa sauti mstari unaoiambia kompyuta picha iko wapi."

Skrini ilimwelekea Lornah peke yake. Aliupata mstari. Anwani ya picha ilianza kwa herufi A, na siku ya kwanza kabisa walifundishwa kwamba A ni tundu la kuingizia diski. Ncha ya leso ilichungulia mkobani mwake. Angeweza kuiruka herufi ile, na hakuna ambaye angejua. Gakenia alikuwa amesimama, mkoba begani.

"A," Lornah alisoma. "Halafu jina la picha."

"Diski iko wapi?"

"Iko mkobani mwangu, Mwalimu."

Opiyo aliinamia kibodi yake.

Diski iliporudishwa, mama na omena zake walionekana tena. Lornah aligeuka. "Gakenia, nimekusingizia mbele ya watu. Nisamehe."

"Nimesikia," Gakenia alisema. Hakutabasamu.

"Kompyuta ilikwenda pale ulipoiagiza, ikakuta tundu tupu," Bi. Nakhungu alisema. "Ukipotelewa na kitu, rudi kwanza kwenye nyayo zako kabla ya kumtaja mtu. Umesoma herufi ambayo ungeweza kuificha. Hilo ni jema. Lakini nyote mlikuwa tayari kumfukuza mtu kwa sababu ya kwao. Opiyo, nawe una neno la kumwambia."

Opiyo alisimama, akaomba radhi.

Lornah aliinakili picha ndani ya kompyuta, akaifuta ile A kwenye mstari. Gakenia aliweka mkoba chini, akasogea, akachomoa diski mwenyewe, akaufungua ukurasa upya. Picha ilibaki.