Hodi Inayoonekana

Fundi alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe pia alimwita hivyo alipotaka kumtania. Cherehani yake ilikaa dirishani, penye mwanga mzuri. Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wake.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Kisha masikio yake yakaanza kudhoofika. Daktari alimpima, akamwambia usikivu uliopotea hautarudi. Sasa alimwelewa mtu aliyesimama mbele yake na kumtazama. Mengine aliyasoma midomoni.

Lakini mlango hauna midomo. Wateja waligonga, wakaita, wakagonga tena, wakaenda zao.

"Jana nimegonga mpaka mkono umeniuma!" alisema mama mmoja aliyefuata sare ya mtoto. "Kama hutaki kazi si useme tu?"

Fundi aliacha mlango wazi. Vumbi la barabara likaingia na kutua kwenye vitambaa vyeupe. Aligeuza cherehani itazame mlango. Akajikuta anajizibia mwanga mwenyewe, na mishono ikaenda kombo, akairudisha ilivyokuwa.

Jumapili moja shemeji yake, kaka wa mumewe, alikuja kuwatembelea. Wanaume walikaa upande mmoja wa chumba. Fundi alikuwa upande wa pili, anakata kitambaa.

"Afunge tu hiyo kazi," shemeji alimwambia mumewe. "Amekuwa mtu wa kuhurumiwa sasa. Chumba hiki kipangisheni."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Shemeji, kilichoharibika ni masikio. Macho yangu ni mazima. Nimeona kila neno ulilosema."

Mumewe aliinamisha kichwa. Shemeji akajikohoza.

"Sifungi," Fundi alisema. "Na sitaki huruma ya mtu. Tatizo ni mlango. Basi nitashughulika na mlango."

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake, Mwalimu, aliyefundisha umeme katika chuo cha ufundi. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti, naye akakaa mbele yake ili waonane vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kwenye sanduku bodi ndogo iliyoenea kiganjani, yenye pini pembeni.

"Hii ni kompyuta ndogo sana," alisema. "Haina skrini. Inafanya kile ulichoiandikia, basi. Tutaweka kitufe mlangoni na taa karibu na sindano yako. Mtu akibonyeza, taa inawaka. Nitakuja kukufungia Jumamosi."

"Hapana. Ikiharibika niwe nakukimbilia kila siku? Nifundishe mwenyewe."

Mwalimu alicheka. "Haya, dada. Lakini jiandae, utakasirika sana."

"Nimeshakasirika tayari."

Mwalimu alimwazima kompyuta yake ya zamani. Akamwonyesha pa kuandika programu, yaani yale maagizo, na namna ya kuyatuma kwenye bodi kwa waya. Fundi alirudi nyumbani na moyo mkubwa. Akachomeka waya. Kompyuta haikuiona bodi. Alichomoa kila kitu, akahamisha pini, akafuta maagizo, akaandika upya. Wapi!

Mwalimu alipopita jioni, alimuuliza, "Umebadilisha nini?"

"Vyote."

"Kwa mpigo mmoja?"

"Nilikuwa na haraka."

"Basi hata ingekubali, usingejua kilichoiponya. Badilisha kitu kimoja. Jaribu. Tazama kimetokea nini. Ndipo uguse kingine." Mwalimu aliinua waya. "Huu ni wa nini?"

"Wa kuchajia simu."

"Ndiyo maana. Nyaya nyingine hupitisha umeme tu, hazipitishi habari. Bodi inapata nguvu, lakini haipati maneno."

Wakaleta waya mwingine. Kompyuta ikaiona bodi, Fundi akatuma maagizo. Taa ndogo sana iliyo juu ya bodi yenyewe ikaanza kuwaka na kuzima. Fundi alipunguza namba ya muda wa kusubiri, akatuma tena. Taa ikapepesa haraka haraka.

"Imenisikia!" alipiga kelele. "Mwalimu, inasikia kuliko mimi!"

Siku zilizofuata alikwenda hatua kwa hatua. Aliunganisha taa ya nje, akaweka rezista kwenye njia yake ili umeme mwingi usiiunguze. Aliijaribu peke yake kwanza. Ilipowaka vizuri, ndipo akaunganisha kitufe cha mlangoni.

Siku hiyo shemeji alikuwa amekuja tena. Taa iliwaka. Fundi akakimbilia mlangoni. Hakuna mtu. Ikazima. Akasogeza mkono karibu na waya, ikawaka tena.

Shemeji alimgusa bega ili atazame, akasema, "Shemeji yangu, hata taa inakushangaa. Hayo ni mambo ya vijana. Kichwa cha mtu mzima hakishiki."

"Changu kinashika. Ukitaka kusaidia, kaa tayari kubonyeza kitufe. Domo lako halina kazi hapa."

Shemeji akakaa.

Fundi alimwandikia Mwalimu kwenye simu. Jibu lilikuja kama swali: "Usipobonyeza, pini ya kitufe inashikwa na nini?"

Fundi alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye pini mpaka kitufeni. Pale njia ilikatika. Akaandika: "Haishikwi na kitu."

"Umepata. Pini isiyoshikwa na kitu hubahatisha: mara inasoma moja, yaani umeme upo, mara inasoma sifuri, yaani haupo. Ndani ya bodi kuna rezista. Iamuru iishike pini kwenye moja. Mtu akibonyeza, kitufe kitaivuta hadi sifuri." Mwalimu akamtumia agizo la kuandika.

Fundi akaliandika. Kompyuta ikakataa, ikatoa maneno mekundu. Zamani angeyafunga kwa hasira. Safari hii aliyasoma. Yalitaja namba ya mstari. Mstari huo ulikuwa sawa. Akatazama wa juu yake, akaona amesahau nukta mkato mwishoni. Akaiweka, akatuma.

Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Shemeji akatoka, akabonyeza kitufe. Taa ikazima! Aliporudi ndani na kuiona, alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi hakucheka. Alimwandikia Mwalimu neno moja, kisha akalifuta kabla ya kulituma. Hili alilitaka liwe lake.

"Asipobonyeza mtu, moja," alijisemea. "Akibonyeza, sifuri. Na mimi nimeiambia iwake ikiona moja. Bodi haina kosa. Imenitii!"

Alibadilisha kitu kimoja tu. Penye moja akaandika sifuri. Akatuma, taa ikazima.

"Toka nje, shemeji. Bonyeza."

Shemeji alitoka. Fundi akafunga mlango, akakaa kwenye cherehani, akaupa mlango mgongo. Taa ikawaka mbele ya sindano. Ikazima. Ikawaka tena, ikazima, ikawaka. Mtu mzima yule alikuwa anachezea kitufe. Mumewe alichungulia kutoka jikoni, akatabasamu, akaenda kutafuta msumari wa kutundikia kibao: BONYEZA HAPA.

Wateja walirudi. Aliyefika alibonyeza, na Fundi aligeuka kabla mtu hajakunja uso. Chumba hakikupangishwa.

Baada ya muda, seremala wa mtaa wa pili alikuja kupunguziwa suruali. Kelele za misumeno zilikuwa zimemharibia masikio. Aliitazama taa ikiwaka, akatoka, akabonyeza kitufe, akarudi.

"Nitengenezee na mimi kama hii," alisema.

"Sikutengenezei," Fundi alijibu, akimtazama usoni.

Seremala alishtuka. "Kwa nini? Mimi sijasomea mambo hayo."

"Wala mimi."

Fundi alivuta kiti, akakisogeza karibu na kompyuta. Akamwekea mkononi bodi na waya.

"Kaa. Chomeka. Tuone kwanza kama inaonekana."